Mama wa Cheche Hana Uso

Bi Wino alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kukaa mezani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekata shauri siku nyingi kwamba haitaki kubanwa tena. Aliviacha chini ya meza, kimoja huku kimoja kule, akashusha pumzi ndefu, ndipo akashika brashi. Wenzake ofisini walikuwa wameizoea pumzi ile. Wakiisikia walijua ni saa mbili na nusu asubuhi, na hakuna aliyehangaika kutazama saa ya ukutani, ambayo hata hivyo ilikuwa mbovu.

Bi Wino halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikoishia. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa akitia wino katuni za kampuni ya vitabu iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi vyerehani. Ni kazi ambayo watu wengi hawaielewi. Mchoraji huchora hadithi kwa penseli, kisha mtia wino hupita juu ya mistari ileile kwa brashi na wino mweusi. Wino ukikauka, penseli hufutwa kwa raba, na kinachobaki ndicho kinachokwenda mtamboni. Shemeji yake alipata kumwambia mbele za watu kwamba kwa hiyo kazi yake ni kufuatisha tu. Shemeji huyo hajakaribishwa chai nyumbani kwake tangu siku hiyo, na wala hakukosea sana, maana sheria ya kwanza ya kazi ile ndiyo hiyo: mtia wino hachori, anafuata.

Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja na alikuwa amechoka. Sisemi uchovu wa kulala siku mbili ukaamka mzima. Macho yalitaka kioo cha kukuza hata kwa mstari mnene, kifundo cha mkono kilikuwa kikivimba ikifika saa nane, na shingo aliigeuza pamoja na mabega, kama mtu aliyebeba ndoo. Alikuwa amebakiwa na kitabu kimoja tu cha kumaliza, kisha angekwenda nyumbani akalale mpaka alale tena. Hivyo ndivyo alivyowaambia waliomuuliza mipango yake ya kustaafu, nao walicheka wakidhani anatania.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Cheche. Cheche ni msichana wa miaka kumi na mitano. Siku moja anapanda juu ya paa la jengo wanaloishi kuanika nguo, waya wa umeme unakatika nguzoni na kuangukia kamba ya nguo mbichi aliyoishika, naye hafi. Anashuka ngazi vidole vikimemetuka, mtaa mzima umeingia giza, anaingia ndani kwao, anampita mama yake aliyekaa kitini, anatoka nje na kuiwasha taa ya barabarani kwa kuigusa nguzo. Basi, amekuwa shujaa. Tangu hapo amepigana na wezi wa dawa za hospitali, na majambazi wa kila namna, na jitu moja la kichwa cha chuma lililokataa kufa kwa vitabu vinne mfululizo, na baada ya miaka thelathini ya purukushani hizo bado ana miaka kumi na mitano. Bi Wino alikuwa akimwonea wivu kwa hilo, na hakuficha.

Kampuni ilikuwa imeamua kuisimulia upya hadithi ya mwanzo, jinsi Cheche alivyopata nguvu zake, ili iwafae vijana wa leo. Kazi alipewa Mwandishi, binti wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye adabu zake, aliyekuwa amesoma vitabu vyote vya Cheche tangu shuleni na kuvihifadhi kwenye sanduku. Cheche wake mpya alikuwa na simu mfukoni na visikizi masikioni, na alizungumza kama wanavyozungumza vijana, yaani nusu ya sentensi. Bi Wino hakuwa na neno juu ya hayo. Michoro ya siku hizi hutoka kwenye kompyuta ya mchoraji anayeishi mji mwingine, inachapwa kwenye karatasi nzito kwa rangi ya buluu hafifu, na Bi Wino anapita juu yake kwa wino. Buluu ile haionekani mtamboni. Hata raba siku hizi hana haja nayo.

Jambo lilikuwa ukurasa wa mwisho, wa ishirini na nne. Huko mama yake Cheche alikuwa amekufa. Mnisamehe nikisema hivi, lakini siku hizi mzazi wa shujaa haishi sana. Waandishi wanamtaka shujaa awe na kidonda moyoni, na kidonda kilicho karibu zaidi ni mama. Ila Mwandishi huyu hakuwa amemuua mama kwa pupa. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilitoka kwenye brashi ya Bi Wino mwenyewe.

Mama yake Cheche hana uso. Katika kitabu cha kwanza kabisa, ukurasa wa sita, amekaa kitini akiwa mweusi tii kutoka kichwani hadi miguuni, kivuli kitupu chenye umbo la mwanamke. Wasomaji waliandika barua. Huyu mama ni nani, kwa nini amefichwa, ana siri gani? Kampuni ilipoona barua zimejaa meza, ikaamua abaki hivyohivyo, na vitabu vyote vilivyofuata vikamchora kwa giza kila hadithi ya mwanzo ilipokumbushwa. Watu wazima wameandika makala magazetini juu ya giza lile. Mwandishi naye alikuwa ameliwazia tangu utotoni na kufikia jibu lake: mama alikuwa amekufa siku ileile ya umeme, na msichana alimpita bila kujua. Ndiyo maana katika kitabu kipya ukurasa wa mwisho ungeonyesha uso wa mama kwa mara ya kwanza, macho yamefumbwa, midomo imekauka, na maneno chini yake: *Nilimpita, naye alikuwa amekwenda.*

Kulikuwa pia na dibaji. Bi Wino alipewa aisome Jumatatu. Ilimwita mwanamke aliyethubutu, aliyekiuka mkono wa mchoraji na kuwapa wasomaji fumbo la maisha. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya wino. Alijua kilemba cha ukoka alipovikwa, hata kama anayemvika anakipenda kwa moyo safi.

Kwa sababu ukweli ni huu, na kwa miaka thelathini haukutoka kinywani mwake. Lile giza lilikuwa kosa.

Mchoraji wa enzi zile waliyemwita Penseli, mwanaume mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa akiweka alama ndogo ya X kila mahali alipotaka pajazwe weusi. Ndivyo wachoraji wote wanavyofanya. Mtia wino akiona X anajaza, haulizi. Katika ukurasa ule X ilikuwa ya mgongo wa kiti. Lakini wiki ile binti yake Bi Wino, mwenye miaka miwili, alikuwa wodini na homa ya mapafu, na mama mtu alikuwa akikesha kwenye benchi la hospitali na asubuhi anakuja kazini, mwili nyang'anyang'a, analala akiwa ameshika brashi, anaamka, anaendelea. Aliiona X, akajaza. Akajaza kiti, akajaza na aliyekikalia. Alipozinduka mama yake Cheche alikuwa ameshazama, wino umekauka, na mchukua kurasa wa kiwandani yuko mlangoni.

Penseli aliiona ilipokwisha chapwa. Bi Wino alisimama mbele ya meza yake akisubiri kufukuzwa. Penseli akautazama ukurasa, akauliza mtoto anaendeleaje. Akajibiwa kwamba homa imeshuka. Akasema vizuri, na hakulitaja jambo lile tena mpaka alipokufa, miaka sita iliyopita. Barua za sifa zilipokuja alizisukuma upande wa meza ya Bi Wino bila kuzifungua.

Mtoto yule wa wodini sasa ni muuguzi, naye anaishi na mama yake katika vyumba viwili na sebule. Akitoka zamu mchana humkuta mama yake amerudi mapema, yuko kwenye kiti cha sebuleni, usingizi wa pono, miwani juu ya paji la uso, mdomo wazi. Na kila mara, kabla hajaweka mkoba chini, humwekea kidole chini ya pua kuona kama anapumua. Alianza mchezo huo akiwa na miaka minne au mitano, mtoto mdogo peke yake nyumbani na mama asiyeamka akiitwa, na mpaka leo, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo, hajaacha. Kidole kinanuka sabuni ya hospitali. Bi Wino husema, bila kufumbua macho, "Bado nipo," na binti huenda jikoni kuinjika chai. Majirani wakiwatembelea Bi Wino hulalamika kwamba binti yake anampima kama maiti. Kwa kweli hapendi. Kila kidole kile kinapokuja humkumbusha kwamba kulikuwa na mtoto aliyekuwa akiogopa, na yeye alikuwa amelala.

Jumatano alifika ukurasa wa ishirini na nne. Kitabu kizima kilitakiwa mtamboni Ijumaa. Akavua viatu, akashusha pumzi, akachovya brashi, akainama juu ya uso wa mama aliyekufa. Ulikuwa uso mzuri, wa ujana, umechorwa vizuri sana. Mkono haukwenda. Akafuta brashi, akachovya tena. Wino ukakauka kwenye nywele za brashi kabla haujagusa karatasi, na kwa mtu wa kazi hiyo hilo ni aibu, ni kama mpishi kuunguza maji. Alifanya hivyo mara tatu. Mwenyewe alijiambia ni kifundo cha mkono, kisha akajiambia ni macho, na moyoni alijua si kimojawapo.

Mwandishi alikuwa amemwomba pia amtafutie ule ukurasa wa sita wa zamani, karatasi yenyewe, wapate kuupiga picha kwa ajili ya dibaji. Bi Wino akaona heri hiyo kazi kuliko kukaa akiitazama maiti. Akaenda pekupeku mpaka kwenye kabati la chuma la chumba cha nyuma, akafungua droo ya chini, ile inayokwama, akautoa ukurasa katika bahasha yake. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaupeleka dirishani apate kuona kama nondo hawajaula.

Penseli alikuwa na mkono mzito. Alikandamiza mpaka karatasi ikabonyea, na raba hufuta rangi ya penseli lakini haifuti mbonyeo. Bi Wino aliuinua ukurasa, ukalala kidogo kuelekea jua, na ndani ya ule weusi akaona mistari. Akaachia kioo cha kukuza kining'inie shingoni. Akaugeuza zaidi. Mistari ikajitokeza yote kwa pamoja, myembamba, iking'aa kama njia za konokono ukutani.

Mama yake Cheche alikuwa amelala usingizi. Mdomo wazi kidogo. Miwani imesukumwa juu ya paji la uso. Kitambaa cha kichwa kimefungwa fundo upande wa kushoto, si nyuma, fundo ambalo Bi Wino alikuwa akilifunga ujana wake wote kwa sababu la nyuma lilimuumiza akiegemea kiti. Kwenye mkono uliolegea, vidole vitatu vilikuwa vimetiwa kivuli. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa mtupu, na kiatu chake kimelala ubavu sakafuni.

Bi Wino akakaa juu ya droo iliyofunguka, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Penseli, bila kumwambia mtu, alikuwa amemchora yeye. Alikuwa amemwona wiki ile akisinzia mezani na mtoto wake wodini, akaenda akamtia kwenye kitabu, mama wa shujaa, mwanamke aliyechoka tu. Na yeye alipofika pale na brashi yake alijifuta mwenyewe kwa mkono wake, na watu wakampigia makofi kwa miaka thelathini. Akalia. Hakulia sana, hata kulia kulimchosha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Penseli alijua, na hakumwambia, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Alipomaliza akajifuta uso kwa upindo wa kitambaa, akauchukua ukurasa mpaka chumbani kwa Mwandishi, akafunga mlango. Akaeleza yote, tangu X ya kiti mpaka benchi la hospitali. Hakupamba wala kupunguza. Akauinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, na Mwandishi akainama akatazama. Bi Wino akasema kwamba mama yule hakufa, hakuwahi kufa, alikuwa amelala, na kwamba angeomba ukurasa wa mwisho ubadilishwe na dibaji iandike ukweli, hata kama yeye ataonekana mjinga.

Mwandishi aliponyanyua kichwa alikuwa amebadilika rangi.

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Kiti kama hicho. Nilitoka shule nikampita, nikaenda kufanya kazi za shule. Nilijua amelala. Baadaye kitabu hiki kikaniangukia mkononi, nikamwona yule mama wa giza, nikasema, kumbe kuna mwingine. Kuna msichana mwingine alimpita mama yake. Bi Wino, mimi ndiyo maana naandika."

Bi Wino angekuwa na nguvu angesema pole, lakini neno lilikuwa dogo kwa kitu kile, na akalimeza. Mwandishi akauliza, kwa upole, si kwa kushindana, kama mama hakufa, basi msichana huyu anapigana kwa ajili ya nini? Vijana watauliza. Mama amelala, umekatika umeme, msichana ana moto vidoleni. Halafu?

Bi Wino akasema hajui. Ilikuwa kweli. Akarudi mezani, akavaa viatu, akaomba ruhusa ya kuondoka kabla ya saa. Ngazini alishika ukuta. Alijuta kusema. Alikuwa ameficha uso wa mwanamke miaka thelathini kwa uchovu, na siku aliyojaribu kuufunua amemnyang'anya yatima kitu alichokuwa akikishikilia. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Ukurasa wa ishirini na nne ulikuwa mweupe na buluu yake, na hakuna mwingine wa kuutia wino.

Nyumbani hakufika hata chumbani. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni avue viatu, akavua kimoja, akalala.

Aliamshwa na harufu ya sabuni ya hospitali. Hakufumbua macho. Kidole kilikuwa chini ya pua yake, hakikumgusa, kilikuwa kimesimama hewani tu, karibu, kikisubiri. Siku zote alikuwa akiwahi kusema bado nipo ili kidole kiondoke. Safari hii, sijui kwa nini, alikaa kimya akakisikiliza. Kilikuwa kikitetemeka kidogo. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, anayeona wagonjwa arobaini kwa siku, na kidole kinatetemeka sebuleni kwao.

"Mama," binti alisema.

"Bado nipo, mwanangu." Kisha akauliza, "Ulikuwa unaogopa sana, ulipokuwa mdogo?"

Binti akakaa kwenye mkono wa kiti, na mkoba bado begani. Akasema kuogopa aliogopa, ndiyo, lakini si hilo analolikumbuka zaidi. Anakumbuka ile pumzi. Ilikuwa ikija kidoleni, ya moto, anajua mama yupo, na hapo ndipo anapata ujasiri wa kwenda kufanya mengine, kuteka maji, kufungua mlango, hata kumfukuza paka wa jirani aliyekuwa mkali sana. Alisema paka yule alikuwa mkubwa kuliko yeye. Wakacheka wote wawili, na binti akaenda jikoni.

Alhamisi Bi Wino alifika ofisini saa moja, kabla ya fundi vyerehani kufungua duka. Akavua viatu, akashusha pumzi bila mtu wa kuisikia. Akachukua karatasi nzito mpya, isiyo na buluu wala penseli ya mtu yeyote, akauweka ukurasa wa sita wa zamani dirishani ulale upande wa jua, na akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aajiriwe. Akachora.

Mkono wake haukuwa wa mchoraji. Alifuta sana. Mama alimtoa kwenye mibonyeo ya Penseli, mstari kwa mstari, na hilo halikumsumbua, kwani kufuata ndiyo kazi yake. Mdomo wazi, miwani juu, fundo kushoto, kiatu kimoja. Msichana ndiye aliyemtesa. Cheche alisimama mbele ya kiti, nywele zimemsimama kwa umeme, visikizi vinaning'inia shingoni, nguo mbichi zinamchuruzika maji begani. Mkono wake wa kulia umenyooka. Kidole kinawaka, na kimefika chini ya pua ya mama yake, na hakijagusa. Hawezi kugusa. Akigusa, kwa moto ule alio nao, atamuua. Kwa hiyo amekisimamisha unywele mmoja tu kabla ya ngozi, naye amebana pumzi yake, anangoja ya mama. Nyuma yao dirisha linaonyesha mtaa ulioingia giza, unaomsubiri.

Alipoanza kutia wino ilikuwa saa sita. X aliziweka mwenyewe safari hii, moja kwenye dirisha na moja kwenye mgongo wa kiti, akazijaza polepole, na kila alipokaribia bega la mama alinyanyua brashi akapumzika. Kifundo kilivimba. Saa tisa alasiri akamaliza, akauacha ukurasa mezani ukauke, akamtuma mtu amwite Mwandishi.

Mwandishi alikuja na hati yake ya hadithi mkononi, macho mekundu ya mtu aliyelala vibaya. Alisimama juu ya meza. Bi Wino hakueleza kitu. Hakuwa na nguvu, na isitoshe, ukurasa unaohitaji kuelezwa haujakamilika. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi bila sababu, akaacha, akaanza tena. Mwandishi alitazama kile kidole muda mrefu kuliko alivyotazama uso.

"Anapumua?" aliuliza mwishowe.

"Anapumua. Amechoka tu."

Mwandishi akavuta kiti cha pili akakaa. Akasema siku ile yeye hakuweka kidole. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kitu alichosahau dukani, na Bi Wino akamshika mkono kwa ule mkono wake wenye weusi. Kisha Mwandishi akaifungua hati yake ukurasa wa mwisho, akachukua kalamu nyekundu, akakata ile sentensi ya *naye alikuwa amekwenda.* Alifikiri aandike nini mahali pake, akaandika, akakata. Akasema ukurasa huu hautakuwa na maneno. Dibaji ataiandika upya jioni ileile, na ndani yake ataweka X na benchi la hospitali na jina la Penseli, Bi Wino akikubali. Bi Wino akasema akubali nini tena, kazi imekwisha.

Mwandishi akasema apumzike kidogo wakati wino unakauka, ataupeleka yeye mwenyewe kiwandani. Bi Wino akasukuma miwani juu ya paji la uso, akaegemeza kichwa upande wa kulia ili fundo lisimuumize. Aliusikia mwili wote ukishuka, mabega, mgongo, miguu yake mitupu sakafuni. Usingizi ulikuwa tayari mlangoni. Alisikia karatasi zikikusanywa, viatu vya Mwandishi vikielekea mlangoni, vikasimama, vikarudi.

Kisha akakisikia kidole. Hakikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali. Kilinuka kalamu, na kilikuja kwa woga sana, kikakaa mbali kidogo, kama cha mtu asiyejua kipimo. Bi Wino alitaka kusema bado nipo, lakini maneno yale yalikuwa ya binti yake, na mdomo ulikuwa mzito. Basi akapumua kwa nguvu kidogo, ili asikike.